Quanzhou: Bandari ya Zaituni iliyoandika historia yake katika mawe

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wengi wa Afrika Mashariki waendao China huishia Guangzhou au Yiwu. Hununua bidhaa, husubiri kontena lijae, kisha hurejea nyumbani. Ni wachache miongoni mwao wanaofahamu kwamba umbali wa saa chache kwa treni kutoka Guangzhou, kuelekea kaskazini mashariki, upo mji wa pwani ambao karne saba zilizopita uliipita Guangzhou yenyewe kwa biashara ya nje, na ambao mabaharia wa Kiarabu na Kiajemi waliujua vema kuliko Beijing.

Mji huo ni Quanzhou, uliopo katika jimbo la Fujian, ng'ambo ya mlango wa bahari unaotenganisha China Bara na kisiwa cha Taiwan. Ni mji wa viwanda vya viatu na nguo, wenye barabara za juu na majengo marefu kama miji mingine ya pwani hiyo. Katikati yake, hata hivyo, umebaki mji wa kale wa nyumba za matofali mekundu ambazo paa zake zimepinda ncha kama mkia wa mbayuwayu.

Julai 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (Unesco) liliingiza maeneo 22 ya mji huo na vitongoji vyake katika orodha ya Urithi wa Dunia. China ilikuwa imewasilisha ombi hilo mwaka 2018 ikiwa na maeneo 16, likarudishwa kwa maelezo kwamba hoja haijajengwa sawasawa. Safari ya pili hoja ilielezwa kwa lugha nyepesi zaidi: kwamba maeneo hayo yote, yawe mahekalu, misikiti, madaraja au matanuri ya vyungu, ni viungo vya mwili mmoja, nao ni bandari.

Maelezo hayo ndiyo ufunguo ambao mtalii anapaswa kuwa nao. Anayekwenda Quanzhou akitarajia kuona kitu kimoja kikubwa cha kupigia picha, mfano wa Ukuta Mkuu wa China, atarudi akiwa amevunjika moyo. Vivutio vya mji huu ni vidogo, vimetawanyika, na vingine ni jiwe moja tu lililosimama kando ya njia. Thamani yake huonekana pale mtu anapojua nani alilileta jiwe hilo na lilisalimika vipi.

Tuanze na jina. Katika karne ya 10 watawala wa mji walipanda kuzunguka kuta zake miti yenye maua mekundu ambayo Wachina huiita citong. Wageni kutoka Uarabuni walilisikia jina hilo likafanana na neno lao la zaituni, nao wakauita mji Zaitun. Msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Morocco, aliona haja ya kuwatahadharisha wasomaji wake kwamba pamoja na jina hilo, zaituni hazipo mjini humo wala kwingineko China. Wapo pia wataalamu wa lugha wanaoamini kwamba kitambaa cha satini kilipata jina lake kutokana na mji huo.

Ibn Battuta anatuhusu kwa sababu nyingine. Mwaka 1331 alizuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na maelezo yake kuhusu Kilwa yamo katika vitabu vingi vya historia shuleni. Takriban miaka 15 baadaye alishuka Zaitun, akaandika kwamba bandari yake ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani, kisha akajisahihisha na kusema huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka umbali aliosafiri ndani ya China. Wasilolitilia shaka ni kwamba msafiri wa zama hizo aliweza kuzijua bandari zote mbili, ya Kilwa na ya Zaitun, katika mtandao mmoja wa biashara.

Kilichoziunganisha ni upepo. Msomaji wa Zanzibar, Lamu au Mtwara hahitaji kuelezwa maana ya kaskazi na kusi. Huko Quanzhou nako majahazi yaliondoka majira ya baridi kwa upepo utokao kaskazini mashariki, yakarudi majira ya joto kwa upepo wa kusini magharibi. Magharibi ya mji upo mlima mdogo uitwao Jiuri, ambako maofisa wa serikali walipanda kila msimu kuomba upepo mwema, kisha wakachonga katika mwamba tarehe na majina ya waliohudhuria. Maandishi 10 ya dua hizo yapo hadi leo, la kwanza likiwa la mwaka 1174 na la mwisho la mwaka 1266.

Serikali haikuwa ikiomba kwa ajili ya uchaji peke yake. Tangu mwaka 1087 palikuwapo mjini ofisi maalumu ya biashara ya baharini, iliyokagua shehena, kutoza ushuru na kutoa vibali vya safari. Upepo ukichelewa, ushuru nao ulichelewa.

Katikati ya mji, kando ya barabara ya Tumen, umesimama Msikiti wa Qingjing, ambao kwa Kiarabu huitwa Msikiti wa Masahaba. Maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa ukutani yanaeleza kwamba ulijengwa mwaka 400 Hijria, sawa na mwaka 1009 au 1010, na kwamba ulikarabatiwa miaka 300 baadaye na Ahmad bin Muhammad, mtu wa Shiraz. Jina la Shiraz halitakuwa geni kwa wenyeji wa pwani yetu, ambako ukoo wa Washirazi unatajwa katika simulizi za mwanzo wa Kilwa na miji mingine.

Lango lake ni la mawe, refu, lenye matao yanayofuatana kama lango la msikiti wa Uajemi au Asia ya Kati, si kama misikiti mingine mingi ya China iliyojengwa kwa mtindo wa mahekalu ya Kichina. Ukumbi wa sala hauna paa. Liliporomoka karne nyingi zilizopita na halikujengwa tena, hivyo mgeni huingia na kukuta nguzo zimesimama chini ya anga, majani yameota sakafuni, na ukutani aya za Kurani zikisomeka katika vijinafasi vya mihirabu. Upo pia waraka wa Mfalme Yongle wa mwaka 1407, uliochongwa katika jiwe, unaoamuru Waislamu wasibughudhiwe.

Hatua chache kutoka hapo lipo hekalu la Guan Yue, ambalo moshi wa udi wake hauzimiki tangu asubuhi hadi usiku, na mbele kidogo hekalu la Confucius. Mwenye miguu mizuri anaweza kuvitembelea vyote vitatu kabla chai yake haijapoa.

Nje kidogo ya mji, upande wa mashariki, kuna kilima cha Lingshan chenye makaburi mawili ya mawe. Mapokeo ya wenyeji yanasema waliozikwa hapo ni masahaba wawili wa Mtume Muhammad waliofika China mwanzoni mwa karne ya saba. Ushahidi wa maandishi kuhusu jambo hilo ni mwembamba, lakini heshima ya mahali hapo ni ya kale.

Kando ya makaburi limesimama jiwe la mwaka 1417, ambalo kwa mtazamo wa mwandishi huyu ndilo linalostahili safari nzima kwa mtu wa Afrika Mashariki. Jiwe hilo linaeleza kwamba mjumbe wa mfalme, Zheng He, alifika hapo kufukiza ubani na kuomba ulinzi akiwa njiani kwenda Hormuz na nchi nyingine. Zheng He, aliyezaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan, aliongoza misafara saba ya majini kati ya mwaka 1405 na 1433. Huo wa 1417 ulikuwa wa tano, na kwa mujibu wa kumbukumbu za utawala wa Ming ulikuwa na kazi ya kuwarejesha makwao wajumbe wa nchi kadhaa, wakiwamo wa Mogadishu, Barawa na Malindi. Miaka miwili kabla ya hapo Malindi ilikuwa imempelekea mfalme twiga. Sarafu ya zama za Yongle ilipatikana pia katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na kutangazwa na watafiti mwaka 2013.

Kivutio kinachovuta watu wengi zaidi ni Hekalu la Kaiyuan, lililoanzishwa mwaka 686 katika Mtaa wa Magharibi. Inasimuliwa kwamba tajiri mmoja mwenye shamba la miforosadi aliota mtawa wa Kibudha akimwomba ardhi. Akajibu kwa dhihaka kwamba ataitoa siku miforosadi itakapochanua yungiyungi. Ikachanua, akatoa.

Mbele ya hekalu imesimama minara miwili ya mawe ya pagoda, yenye pembe nane na ghorofa tano kila mmoja. Ule wa mashariki una urefu wa mita 48 na ulikamilika mwaka 1250. Wa magharibi, mfupi kidogo, ulikamilika mwaka 1237. Yote miwili ilihimili tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1604. Watalii wengi huishia hapo kupiga picha, wakaacha jambo la ajabu zaidi lililo nyuma ya ukumbi mkuu: nguzo mbili za mawe zilizochongwa miungu ya Kihindu. Chini ya jukwaa la ukumbi huo huo zimepangwa sanamu za simba wenye vichwa vya watu, nazo si kazi ya Kibudha. Zilitoka katika hekalu la Wahindu, bila shaka la wafanyabiashara wa kusini mwa India, lililokuwapo mjini kisha likabomolewa, na mafundi wa baadaye wakayatumia mawe yake.

Kubomolewa huko ndiko sehemu ya historia ambayo vipeperushi vya utalii hupita haraka. Wageni wa Quanzhou hawakuishi kwa amani siku zote. Mwaka 1276, utawala wa Song ulipokuwa ukianguka mbele ya Wamongolia, msimamizi wa biashara ya baharini, Pu Shougeng, tajiri mwenye asili ya Uarabuni au Uajemi, aliwafungia milango watu wa ukoo wa kifalme na kujiunga na washindi. Wengi wa ukoo huo waliuawa. Chini ya Wamongolia wageni walipata vyeo na upendeleo, na chuki ikalimbikizwa.

Mwaka 1357 askari wa Kiajemi waliokuwa wakilinda mji waliasi. Vita vilidumu karibu miaka 10, na vilipokwisha mwaka 1366 walioshinda waliwageukia wageni kwa mauaji makubwa. Misikiti na makaburi yalivunjwa. Muda mfupi baadaye utawala mpya wa Ming ulipiga marufuku biashara ya watu binafsi baharini, mchanga ukaendelea kujaa bandarini, na katika karne ya 15 ofisi ya biashara ilihamishiwa Fuzhou. Mji uliobaki ulikuwa wa wavuvi, wakulima wa chai na wahamiaji.

Mawe ya makaburi yaliyovunjwa hayakupotea. Yaliingizwa katika misingi na kuta za mji kama mawe mengine ya kujengea, yakakaa humo karne kadhaa. Kuta hizo zilipobomolewa katika karne ya 20 ili kupanua barabara, yaliibuka mawe yenye maandishi ya Kiarabu, misalaba iliyokaa juu ya yungiyungi, malaika wenye mabawa na miungu ya Kihindu. Mafundi mawe waliyapasua kwa matumizi mengine. Mwalimu mmoja wa shule, Wu Wenliang, alianza kuyanunua kwa fedha zake na kuyarundika nyumbani kwake. Mwaka 1957 alichapisha kitabu kuhusu mawe hayo ya dini mbalimbali, na mkusanyiko wake ukawa miongoni mwa misingi ya Makumbusho ya Bahari yaliyofunguliwa mjini humo mwaka 1959. Anayeingia leo katika kumbi za makumbusho hayo na kuona safu za mawe ya makaburi yenye majina ya watu wa Uajemi na Uarabuni, anaona kile alichokiokoa mwalimu huyo na wachache waliomfuata.

Sanamu nyingine ilisalimika kwa kudhaniwa kuwa kitu kingine. Katika kilima kilichopo Jinjiang, kusini mwa Quanzhou, kuna hekalu dogo liitwalo Cao'an. Ndani yake imechongwa ukutani, mwaka 1339, sanamu ya Mani, mtu wa karne ya tatu kutoka himaya ya Uajemi aliyeanzisha dini ya nuru na giza. Dini hiyo iliwahi kuenea kuanzia Afrika Kaskazini hadi China, kisha ikatoweka. Wanakijiji walimwabudu Mani wakimwita Budha wa Nuru, wakimfukizia udi kama wengine, na kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kumvunja. Wataalamu wanaihesabu kuwa sanamu pekee ya mawe ya Mani iliyobaki mahali pake.

Mwaka 1974 tope la bandari ya Houzhu, lile lile lililoua biashara, lilitoa jahazi zima la mbao. Sehemu iliyobaki ina urefu wa mita 24 na upana wa mita tisa, na tumbo lake limegawanywa vyumba 13 ili maji yakiingia kimoja vingine vibaki vikavu. Inaaminika lilizama miaka ya 1270, katika vurugu za kuanguka kwa Song, likiwa limetoka Asia ya Kusini Mashariki. Lilikuwa na zaidi ya tani mbili za magogo ya manukato, pilipili manga, ubani na ambari. Kilichowafurahisha watafiti kuliko vyote ni vibao vidogo vya mbao vilivyofungwa katika mizigo, vimeandikwa majina ya wenyewe. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyewahi kuchangia kontena na wenzake atauelewa utaratibu huo bila mkalimani.

Madaraja mawili ya mawe yanahitaji siku nzima. La Luoyang, ambalo halina uhusiano na mji wa Luoyang wa kaskazini isipokuwa jina lililoletwa na wahamiaji, lilijengwa kati ya mwaka 1053 na 1059 chini ya liwali Cai Xiang, mahali ambapo mto unakutana na bahari na mkondo ni mkali. Mafundi walimwaga mawe mtoni hadi yakatengeneza msingi mpana, wakasimamisha nguzo zenye umbo la mashua, kisha wakapandikiza chaza juu yake. Chaza walipokua waligandamanisha mawe kama saruji. Mihimili yenye uzito wa tani kadhaa ilibebwa na vyelezo wakati maji yamejaa, ikakaa mahali pake maji yalipokupwa. Daraja la Anping, la miaka ya 1138 hadi 1151, linazidi kilometa mbili, na hakuna lililolishinda urefu nchini China hadi mwaka 1905.

Mengine yatajwe kwa ufupi. Katika mlima Qingyuan kuna sanamu ya Laozi, mwasisi wa falsafa ya Kitao, iliyochongwa katika mwamba mmoja wenye kimo cha mita tano na nusu. Masikio yake marefu ndiyo yanayokumbukwa na kila aliyeiona. Hekalu la Tianhou, la mwaka 1196, ni la Mazu, mlinzi wa mabaharia. Dehua, milimani, bado hufinyanga kaure nyeupe. Chongwu ni ngome ya mwaka 1387 iliyojengwa dhidi ya maharamia, na ufuo wake ni mzuri.

Xunpu ni habari tofauti. Hiki ni kijiji cha wavuvi ambacho kuta za nyumba zake za kale zimepambwa makombe makubwa ya chaza, ambayo wenyeji husimulia kuwa yaliletwa na majahazi yaliyohitaji uzito wakati wa kurudi. Wanawake wake husuka nywele na kuzizungushia vikuku vya maua mabichi, asumini yakiwamo, desturi ambayo mwanamke wa Mombasa au Unguja aliyezoea kikuba ataitazama kwa tabasamu. Mapema mwaka 2023 picha za mwigizaji Zhao Liying akiwa amevaa maua hayo zilienea katika mitandao ya China. Kijiji kikafurika. Nyumba nyingi sasa ni maduka ya kukodisha mavazi, kupamba nywele na kupiga picha.

Kipato kimeongezeka, na mabibi waliokuwa wakiuza chaza wamepata kazi ya kusuka. Lakini vichochoro vilivyojengwa kwa ajili ya wavuvi vinapitisha umati, na anayetaka kuona kijiji badala ya foleni inampasa afike alfajiri. Quanzhou ilikaa karne tano bila kutazamwa na mtu, na kutotazamwa huko ndiko kulikohifadhi mengi. Sasa inajifunza kuishi na wageni kwa mara ya pili. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingia katika orodha hiyo hiyo ya Unesco mwaka 1981, zilikumbwa na tatizo la upande wa pili: kuanzia mwaka 2004 hadi 2014 ziliwekwa kati ya maeneo yaliyo hatarini kwa sababu kuta zake zilikuwa zikianguka na watu wa kuzitunza hawakutosha.

Kwa anayepanga safari, Quanzhou ina uwanja wa ndege uliopo Jinjiang, na reli mpya ya mwendo kasi iliyofunguliwa Septemba 2023 inaiunganisha na Fuzhou na Xiamen. Kutoka Xiamen ni mwendo wa takriban nusu saa, hivyo inawezekana kuunganisha safari na kisiwa cha Gulangyu. Miezi ya Oktoba hadi Desemba ni mikavu na ya baridi kiasi. Julai hadi Septemba ni majira ya vimbunga. Kile cha Doksuri kiliingia nchi kavu Jinjiang kwenyewe Julai 28, 2023.

Siku tatu zinatosha: moja ya mji wa kale kwa miguu, moja ya Lingshan na makumbusho, na moja ya madaraja na Cao'an, ambako bila gari la kukodi ni taabu. Kiingereza hakisikiki sana mitaani. Chaza wa kukaanga kwa mayai wanauzwa kila pembe ya Mtaa wa Magharibi, na Mwislamu aulize kwanza kama mafuta yaliyotumika ni ya nguruwe.